Shajara ya nyumba ya sayansi Chake: mbao, konokono na mkataba

16 Rajab, bamvua (maji yanapwa na kujaa sana)

Leo ndo tumeifunga mbao ya nyumba yetu ya sayansi, ya kupimia kupwa na kujaa kwa maji, kwenye nguzo ya gati pale Wesha, Pemba. Tulifika saa mbili asubuhi maji yanapwa, tukaiteremsha pole pole kwani ina urefu wa mita tano, vipande viwili vimeungwa kwa bamba la chuma, imepakwa rangi nyeupe, kila sentimita kumi ina mstari mweusi na kila mita ina namba kubwa nyekundu walizochora wanafunzi wenyewe kwa mkono. Fundi aliingia maji ya kiuno, boliti kazishika kwa meno, kila moja anasubiri wimbi lipite ndo akaze. Saa nne na dakika chache maji yakatulia, hayapwi hayajai, na ncha ya chini ya mbao ilikuwa imebaki shubiri moja tu ndani ya maji. Nilifurahi, wallahi, mana tungekosea hapo kila bamvua mbao ingebaki inaning'inia juu ya mchanga mkavu.

Kabla hatujaondoka tukafanya kitu ambacho fundi alikisisitiza sana, tukachimba alama ya msalaba kwenye saruji ya gati, afu kwa mpira wa maji, ule mpira mweupe mafundi wanaousawazishia misingi ya nyumba, tukapima alama ile iko sawa na mstari gani wa mbao. Mie niliona tunapoteza muda na jua linawaka. Akaniambia maalim, mbao ni mti, ipo siku itahama, alama ndo haihami. Nimeiandika kwenye daftari ukurasa wa kwanza.

Kulikuwa na mzee mmoja kivulini anasuka dema la kuvulia samaki, akatuangalia muda mrefu. Nikamwendea, shikamoo babu, marahaba, akasema wajukuu zangu maji hayo mnayoyapima kwa rula sie tunayajua kwa mwezi. Nikamwambia ndo mana nimekuja na daftari. Nikamuuliza mwezi ukiandama maji yanapwa saa ngapi? Akasema mwezi pili, mwezi tatu, saa nne asubuhi, na mwezi 16 kama leo saa nne vilevile, na kujaa ni saa kumi, kisha kila siku unaongeza robo tatu ya saa na kidogo. Vitabu vinasema dakika 50 hivi kwa siku, kwa sababu mwezi nao unachelewa kiasi hicho kurudi palepale juu yetu. Robo tatu ya saa na kidogo ndo hizo hizo dakika 50! Nimeamua maneno ya mzee yule yawe ukutani pembeni ya grafu, kwa herufi za ukubwa uleule.

Kwa ambao hawajui tunafanya nini: sisi ni walimu kadhaa wa sayansi hapa Chake Chake, tuna ghala la zamani la karafuu tulilopewa tulitumie, tunataka liwe makumbusho ya sayansi na humo humo kiwe kituo kidogo cha utafiti. Si makumbusho ya vitu vya kale, kwani hayo yapo pale ngomeni, na Unguja lipo Beit el Amani tokea 1925. Letu ni la mtoto kuja kushika, kupima, na kuona watu wazima wanapima kweli. Wenyewe wa nyumba hii watakuwa watano, wawili upande wa umma, yaani mji na chuo, na watatu kampuni: moja ya boti, moja inanunua mwani, moja ya ujenzi. Faida hakuna atakayegawana. Hayo ndo makubaliano ya mdomo mpaka sasa, ya karatasi bado.

20 Rajab

Mkutano wa wenyewe, saa tatu mpaka adhuhuri, kahawa na kashata.

Suala lililochukua muda ni hili: kama hakuna faida, kampuni inaingia kwa lipi? Na upande wa umma wanauliza kinyume chake, kama kampuni zimo si mwisho wake watalichukua ghala wakafanya hoteli? Yote mawili ni maswali ya haki na nilikuwa nimejiandaa nayo. Nikawapa mifano miwili.

Wa kwanza wa mbali, Sweden, mji wa Göteborg, kuna nyumba ya sayansi inaitwa Universeum ilifunguliwa 2001, ndani ina msitu wa mvua mzima na matangi ya samaki. Iko chini ya wakfu ulioundwa na wanne: vyuo vikuu viwili, Chalmers na Chuo Kikuu cha Göteborg, halafu umoja wa manispaa za eneo lile, halafu chemba ya biashara na viwanda ya Sweden magharibi. Yaani wasomi, serikali za mitaa na wafanyabiashara kwenye meza moja, na pesa inayobaki inarudi humo humo ndani. Neno wakfu lilipotoka kila mtu mezani alikaa vizuri, mana sie wakfu tunaujua, msikiti una wakfu, kisima kina wakfu, mtu hauzi mali ya wakfu. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Wa pili wa hapa hapa kwetu, Chumbe. Kisiwa kile kina mnara wa taa wa 1904, na tokea 1994 mwamba wake wa matumbawe umehifadhiwa na serikali lakini anayeuendesha ni kampuni binafsi isiyotafuta faida. Wageni wanalala pale kwa bei kubwa, na pesa ile ndo inayolipa walinzi, waliokuwa wavuvi, na ndo inayowapeleka watoto wa skuli kupiga mbizi na kuyaona matumbawe ya kwao. Watafiti wamehesabu kwamba karibu asilimia 90 ya aina za matumbawe magumu ya Afrika Mashariki zipo pale. Mtu wa kampuni ya boti akasema, "Basi inawezekana, mana ile mie naipita kila nikenda Dar."

Tumekubaliana mawili. Kila mwenyewe ana kura moja, awe ametoa saruji gari moja au gari kumi. Na siku nyumba ikivunjika (Mungu atuepushe) vitu vyote vinakwenda makumbusho ya serikali, hakuna atakayebeba hata glasi. Mwanasheria ataandika.

24 Rajab, maji mafu (yanapwa na kujaa kidogo)

Wiki ya vumbi. Ghala lina kuta za mawe na chokaa, na mafundi wa mwanzo walitaka kupiga plasta ya saruji iishe haraka. Nikakataa na fundi akaniunga mkono. Ukuta wa chokaa unapumua, ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani na mawe yanaoza taratibu huku nje panang'ara. Kila nikizungumza habari hii nakumbuka Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Sultan Barghash 1883, ya kwanza Zanzibar kuwa na umeme, makumbusho ya taifa humo ndani, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka na watu wakafa. Nilikuwa nimempeleka mwanangu pale mara mbili. Ndo mana mie kwenye bajeti nimeweka fungu la matengenezo ya kila mwaka kabla ya fungu la vifaa, na nitaligombania. Chokaa tumepata ya tanuri, ya matumbawe ya zamani ya nchi kavu, imelowekwa kwenye pipa tokea mwezi uliopita.

Jambo la furaha: kamba ya kina imefungwa. Hii ndo nnayoipenda kuliko vyote humo ndani kwa hiyo mnivumilie. Mkondo kati ya Unguja na bara haufiki mita 100, zamani bahari iliposhuka enzi za barafu watu na wanyama walipita kwa miguu. Mkondo wetu wa Pemba unafika mita 800 hivi. Kila mtu hapa anajua kwamba kwetu kina kirefu, manahodha wanasema, lakini 800 ni neno tu, halimwingii mtu. Tukachukua kamba ya makumbi, tukafanya sentimita moja ni mita moja. Unguja ikatoka kipande kifupi kuliko mkono wa mtoto ukinyoosha na kiwiliwili chake. Ya Pemba ni mita nane, ghala halina urefu huo kwenda juu, kwa hiyo inaanza kwenye boriti, inashuka mpaka sakafuni, inakwenda chini ya ukuta mpaka kona ya pili. Mtoto anaifuata kwa miguu. Leo mtoto wa fundi, ana miaka sita hivi, aliifuata mpaka mwisho akageuka akaniuliza huku chini kuna jua? Nikamwambia hakuna. Akakaa kimya, kisha akarudi mwanzo akaifuata tena.

Na ndo kina hicho kilichoitenga Pemba siku nyingi sana, ikawa na vyake, popo mkubwa wa Pemba ambaye hayupo pahala pengine popote duniani, na mpapindi, mti wa jamii ya minazi, wa msitu wa Ngezi. Popo yule mwisho wa miaka ya 80 wataalamu waliogopa kwamba anamalizika, watu wakamlinda, Kidike wanakijiji wenyewe wakalinda miti yao, na hesabu za baadae zikapita elfu ishirini. Ukuta wa popo utakuja baada ya ukuta wa konokono.

2 Shaaban, bamvua

Konokono wamefika. Yupo dada mmoja mtaalamu wa viumbe hawa anatusaidia jioni jioni baada ya kazi zake, kaja nao kwenye chupa ya mdomo mpana, konokono wadogo wa rangi ya udongo, mkubwa wao ni kama ukucha wa kidole gumba. Hawa wametotolewa ndani, hawajawahi kuona mto, kwa hiyo hawana vimelea. Hilo ndo sharti la kwanza na tumeliandika mlangoni.

Wenye Pemba wanajua kwa nini konokono. Kichocho. Nimesoma na watoto ambao kukojoa damu kwao lilikuwa jambo la kawaida, wengine walidhani ni ukubwa unaingia. Mie mwenyewe nimemeza vile vidonge vikubwa vya prazikwanteli mara kadhaa skuli. Lakini hakuna aliyewahi kunionesha konokono! Niliambiwa usiende mtoni, basi. Mtoto ukimwambia usiende mtoni bila kumuonesha kitu atakwenda, na nyumbani kama maji hayatoki mama yake ndo atamtuma.

Kwa hiyo meza yetu inakwenda hivi. Mtu mwenye ugonjwa anakojoa karibu na maji, mayai yanaanguliwa, kijidudu kinamtafuta konokono huyu khasa, kinaingia, kinazaana ndani yake wiki kadhaa, halafu wanatoka maelfu wenye mkia uliogawanyika na wanatafuta ngozi ya mtu. Na wanatoka wakati gani? Mwangaza ndo unaowatoa, kwa hiyo wengi ni mchana, jua likiwa kichwani. Dada aliposema hivyo mwalimu mwenzangu akaweka kikombe chini. Saa sita, saa saba, ndo watoto wa zamu ya asubuhi wanatoka skuli na wanapita mtoni! Mie nimefundisha miaka kumi na moja na sijawahi kuzileta saa hizi mbili pamoja.

Tumetengeneza saa kubwa ya ukutani yenye mshale mmoja, mtoto anauzungusha na kwenye glasi zinawaka taa ndogo, chache asubuhi, nyingi saa sita, zinapungua jioni. Hadubini iko pembeni na slaidi iliyokaushwa, mkia wa mgawanyiko unaonekana wazi.

Watu wa Chake hawana haja ya kwenda mbali kujua utafiti ni nini, pale Wawi ipo maabara ya afya ya jamii tokea 2000, ina jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea wa Italia, na kazi ya minyoo na kichocho inafanywa pale na vijana wa Kipemba. Kati ya 2011 na 2017 kulikuwa na utafiti mkubwa Unguja na Pemba, shehia nyengine zinapewa dawa peke yake, nyengine dawa na kuua konokono, nyengine dawa na elimu ya kubadilisha tabia. Ugonjwa ulishuka sana kotekote lakini haukukatika kabisa popote, maambukizi yaliendelea. Ndo mana bado tunamuhitaji konokono mezani.

Mtoto mmoja wa darasa la tano aliyekuja na mama yake kuleta makopo ya rangi kauliza swali bora la mwezi: mbona baharini tunaoga na hatupati? Kwa sababu konokono huyu anaishi maji baridi tu, yasiyo na chumvi. Nimeliandika, litakuwa kibao.

9 Shaaban, maji mafu

Leo si siku nzuri na nitaandika kwa urefu.

Wiki tatu zilizopita tulifunga vipima joto viwili vya kurekodi, vidogo kama kisanduku cha kibiriti, kwenye shamba la mwani la akina mama si mbali na Wesha. Vimefungwa kwenye vigingi kwa taitai zilezile wanazofungia mbegu za mwani, na kila dakika kumi vinaandika joto la maji. Wazo si letu, ni la akina mama. Zao hili lilianza Unguja upande wa mashariki 1989 kwa mbegu za Ufilipino, kisha likaja kwetu na sasa Pemba ndo inayovuna sehemu kubwa. Kuna ule mwani mwembamba wa miiba miiba, spinosum, unaovumilia, na kuna kotoni wenye bei nzuri zaidi, na kotoni ndo unaokufa. Maji yakizidi moto unageuka mweupe, unakatika kwenye kamba, asubuhi unakuta kamba tupu. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, Dk. Flower Msuya na wenzake, wamehangaika miaka mingi na jambo hili, wamejaribu kuuhamishia kotoni maji ya kina kwenye nyavu za mfano wa bomba. Kwa hiyo akina mama wanajua moto unaua. Walichotaka kujua ni moto wa siku gani na wa saa ngapi, ili wajue lini wavune mapema.

Bi mkubwa wao aliniambia tokea mwanzo, "Maalim, bamvua halituui, maji yanakwenda na yanakuja mapya. Sie tunaogopa maji mafu, yanakaa palepale yanachemka." Juzi tulitoa vipima joto tukavifungua kwenye laptopu mbele yao, na mstari ulikuwa hivyo hivyo, siku za maji mafu mchana unapanda ukapita nyuzi 32, siku za bamvua unashuka. Waliangalia kimya, kisha mmoja akacheka kwa furaha akasema tazama, ndo ile siku tuliyokuta nyeupe.

Sasa tatizo. Kampuni inayonunua mwani, ambayo ni mmoja wa wenyewe na ndo iliyolipia vipima joto, imeleta barua. Inataka namba hizi iwe nazo yenyewe kwanza kwa mwaka mmoja kabla ya kumpa mtu mwengine. Barua ina adabu na sababu zake nazielewa, wanasema wao wamelipa na washindani wao watazichukua bure. Lakini nilipowasomea akina mama bi mkubwa hakupandisha sauti, aliuliza tu: "Ikiwa joto liko kwenye maji yangu na kigingi ni changu, mie nitangoja mwaka kujua lini mwani wangu unakufa?"

Sikuwa na jibu isipokuwa kwamba hapana.

Nimekaa na jambo hili usiku kucha. Kila siku naulizwa tofauti ya makumbusho yetu na ukumbi wa maonyesho, na hapa ndo penyewe. Makumbusho bila kupima ni stoo ya vitu, vumbi litaingia na baada ya miaka mitatu hakuna atakayerudi mara ya pili. Lakini ukianza kupima umetengeneza kitu chenye thamani, na chenye thamani kina mtu atakayekitaka peke yake. Kura moja kwa kila mwenyewe tumeandika, ghala lisiuzwe tumeandika, na namba tulizisahau! Tulilinda kuta na glasi tukaacha kitu pekee ambacho tunakizalisha sisi wenyewe.

16 Shaaban, bamvua

Mkutano wa dharura, na tumetoka salama.

Upande wa umma walikuja na msimamo mkali, kampuni irudishiwe pesa zake itoke. Nilipinga ingawa moyo wangu ulikuwa huko huko, kwa sababu wakitoka wao atakayekuja baada yao ataleta barua ileile. Kifungu ndo dawa. Nikapendekeza hivi, namba yoyote inayopimwa na nyumba hii inabandikwa mlangoni na kuwekwa wazi kwa kila mtu siku ileile inaposomwa, na mwenye shamba anaambiwa kabla ya wote.

Mtu wa kampuni akauliza basi sisi tunabaki na nini? Hapo ndo dada wa konokono, ambaye hata si mwenyewe, alikuja kama mgeni tu, akaomba kusema. Akasema namba ni za wote lakini kuzifanyia kazi ni kazi ya mtu. Anayetaka ripoti, anayetaka mtu akae na namba za miezi sita amwambie wapi ahamishie kamba na lini apeleke boti ya kununulia, huyo alipe, na pesa ile ilipe mshahara wa kijana anayesoma mbao na vipima joto. Awe kampuni, awe mradi wa nje, yeyote.

Mie mwanzo sikuipenda, niliona tunafungua duka ndani ya wakfu. Lakini nikafikiri yule kijana atakula nini? Kutotafuta faida si kufanya kazi bure, na nimeona miradi mingi mizuri hapa kisiwani inakufa siku ile aliyejitolea anapooa na kuhitaji mshahara. Nikapiga kura ndiyo. Akina mama waliwakilishwa na bi mkubwa, hana kura, na hilo halikunipendeza hata kidogo. Nimeomba liandikwe kwenye kumbukumbu kwamba wakulima wa mwani wapate kiti, na litarudi mkutano ujao.

Kampuni imekubali. Wote watano wametia saini, watatu kwa kalamu moja mana nyengine ziliisha wino. Kifungu ni cha 9 cha mkataba.

27 Shaaban

Mambo madogo madogo. Umeme ulikatika siku mbili, taa za saa ya kichocho zikazimika, tumeweka betri na paneli moja ya sola juu ya mlango. Chokaa imekauka vizuri, ukuta wa kaskazini una rangi kama ya maziwa. Kampuni ya ujenzi imeleta benchi nne. Kibao cha nje bado, wanagombana kama kiandikwe "makumbusho" au "nyumba", mie nimesema nyumba, watoto wanaingia nyumba bila kuogopa.

3 Ramadhani, bamvua

Jana kijana wetu anayesoma mbao, msichana wa kidato cha nne, alinipigia kabla ya adhuhuri. Maalim maji yamepwa lakini namba haikubali, ni kubwa kuliko ya bamvua lililopita na kwa macho maji yako chini kuliko siku ile. Nikamwambia angalia mbao. Ilikuwa imehama. Boti iliigonga, pengine usiku, boliti mbili zimekatika na mbao imeshuka chini kwa pembeni bila kuanguka.

Fundi tulimkuta kwake, amefunga, tukakubaliana leo asubuhi. Tukaenda na mpira wa maji, tukaanzia kwenye ule msalaba wa saruji, tukaona imeshuka sentimita 14 kamili. Bila msalaba ule tusingejua chochote, mwezi na nusu wa kusoma ungekuwa namba tu za kubahatisha. Nilimshukuru mbele ya watu wote pale gatini, na yule mzee wa dema alikuwepo akasema amina.

Swali likawa siku zipi zimeharibika. Msichana kafungua daftari, kapiga mstari kuanzia usomaji wa mwisho unaokubaliana na mwezi mpaka jana, siku nne. Nikamuuliza je tutoe sentimita 14 kila siku tuzirekebishe? Akafikiri, akasema hatujui ilihama siku ya kwanza au ya tatu, na huenda ilikuwa inashuka kidogo kidogo. Hakufuta namba hata moja. Pembeni ya zote nne kaandika kwa peni nyekundu: mbao ilihama, usitumie. Kisha karatasi hiyo hiyo, na maandishi mekundu yake, tumeibandika mlangoni kama kifungu kinavyosema.

Mtu wa kampuni kapiga simu mchana kuulizia zile siku nne, anazihitaji kwa ripoti yake. Nimempa msichana simu. Nimemsikia akisema, "Hazipo ami, samahani, kuanzia leo zipo."

Maji yanajaa saa kumi. Anakwenda kusoma, na mie namfuata na boliti za akiba, kisha tukafuturu.